Harusi, Boriti na Springi za Mzigo Mzito

Mtu akitaka kuinua gari lake, marafiki humwuliza ataliinua kwa inchi ngapi, na swali hilo hutosha kuipamba baraza mpaka adhana ya isha. Fundi wangu wa Changamwe, ambaye hana wakati wa baraza, aliniuliza jambo jingine kabisa: "Mzee, gari hili hubeba nini kila siku?"

Nilimjibu kwa ukamilifu. Nilimtajia mama yangu, shangazi zangu watatu, mke wangu na watoto, magunia ya nazi na mihogo kutoka shambani kwetu upande wa Kinango, mitungi ya maji, na keria ya chuma iliyofungwa juu ya paa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwa tambara, akauliza tena kwa sauti ya taratibu: "Kila siku?" Nikasema ndiyo.

Wapo watakaosema kwamba gari lile, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, lilikuwa likinibeba mimi peke yangu na kibweta changu cha chakula, kutoka Bamburi hadi ofisini Shimanzi kwa kupitia daraja la Nyali. Sikatai. Lakini mtu akiulizwa ukoo wake hawataji wale tu waliomo nyumbani saa ile, na mimi niliona kwamba gari nalo lina haki ya kuelezwa kwa hadhi yake kamili.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser Prado ya kizazi kile kilichotoka kati ya 1996 na 2002, ambacho kwa mbele kila gurudumu hujitegemea na kwa nyuma kuna ekseli nzima inayokaa juu ya springi za koili. Nilikuwa nimetamani kuliinua kwa sentimita 10, kwa kuwa njia ya kuingilia shambani hugeuka makorongo wakati wa masika, na nimechoka kusikia tumbo la gari likikwaruzwa na mawe huku mama akilisomea Ayatul Kursiy. Fundi alikataa katakata kuzidisha 5. Alinionyesha zile ekseli fupi za mbele na kunieleza kwamba gari likipandishwa mno, viungo vyake hufanya kazi kwa pembe kali, mipira inayovifunika hupasuka, grisi humwagika, na mchanga wa pwani humalizia kazi iliyobaki. Alikataa pia kuchomeka vipande vya plastiki juu ya springi za zamani, kwa sababu springi iliyochoka hubaki imechoka hata ukiipandisha kiti. Akashauri springi mpya, shokomzoba ndefu zinazolingana nazo, ukaguzi wa mipira ya breki ili isivutike gurudumu linaponing'inia, na alaimenti baada ya yote. Hayo yote niliyakubali. Tukabishana juu ya springi za nyuma peke yake, ambazo huuzwa kwa kadiri ya mzigo wa kudumu: kuna za gari tupu, kuna za mzigo wa kati, na kuna za mzigo mzito. Mimi, nikiwakumbuka shangazi zangu watatu, nilichagua za mzigo mzito, na fundi akazifunga bila kusema neno.

Sasa, springi ya mzigo mzito ina tabia yake. Ikipata mzigo hutulia palipokusudiwa. Ikinyimwa, husimama wima na kukataa kushuka. Kwa hiyo zile sentimita 5 tulizokubaliana zilikuwa 5 kweli kwa mbele, lakini kwa nyuma, gari likiwa tupu, zilikaribia 8, na Prado yangu ikawa inatembea mjini imeinua matako na kuinamisha uso kama mtu anayetafuta pete aliyoiangusha mchangani. Kila tuta la barabara ya Links lilinirusha kutoka kitini. Chakula changu, ambacho mke wangu alikuwa akikipanga wali upande huu na mchuzi wa samaki upande ule, kilifika Shimanzi kimeshakuwa kitu kimoja ambacho wenzangu ofisini walishindwa kukipa jina. Mama naye, ambaye hakuwa tayari kuparamia gari mbele ya majirani, aliamua kupandia kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nasi tukawa tunasafiri nayo, ulimi wake umefungwa kwa tambara ili usimkwaruze mtu.

Ikafika harusi ya binamu yangu, iliyofanyika katika ukumbi mmoja wa Nyali ambao maegesho yake yako chini ya jengo. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, gari lilibeba ile orodha niliyompa fundi. Mama alikaa mbele. Shangazi watatu walikaa nyuma, bega kwa bega, hata mlango ukafungwa kwa msaada wa mpita njia. Na kwenye buti zilikaa sufuria mbili kubwa za biriani, katoni za soda na mitungi ya maji. Pampu yangu ya upepo niliiacha nyumbani ili sufuria ya pili ipate nafasi. Langoni palikuwa na bango lililosema mwisho ni mita 2.1, na chini yake bomba lililoning'inizwa kwa minyororo kwa ajili ya kupimia. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu: Prado ni kama mita 1.9, ongeza sentimita 5 za springi, ongeza moja na ushei ya tairi mpya (tairi kubwa huliinua gari kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka), ongeza 12 za keria, nawe uko mita 2.08. Tulipita chini ya bomba lile bila kuligusa, na askari akanipigia saluti.

Tukashuka, tukashusha. Sikupata hata kukaa, nikaagizwa barafu.

Nilipanda njia ya kutokea nikiwa peke yangu, na pua ya gari ikapita chini ya boriti ya lango vizuri kabisa, kwa kuwa mbele hapakuwa pamebadilika kitu. Watu wanene na sufuria hukaa nyuma. Kisha nikasikia chuma kikizungumza na zege. Sehemu ya nyuma ya keria ilikuwa imejipenyeza chini ya boriti pale gari lilipochuchumaa kwa kukanyagwa mafuta, na nilipoachia mafuta springi zikainuka kwa nguvu zote nilizozilipia, zikaikandamiza keria juu. Nikajaribu kwenda mbele, ikakataa. Nikajaribu kurudi nyuma, ikakataa pia. Nilipotazama kwenye kioo niliona gari jeupe lililopambwa maua, na ndani yake bwana harusi, amevaa joho, akiangalia saa. Alikuwa akingojwa msikitini kwa nikaha.

Mombasa hakuna upungufu wa washauri. Mmoja alisema keria ifunguliwe, lakini bolti zake, baada ya miaka ya kupigwa na hewa ya chumvi, zilikuwa zimekwisha kufunga ndoa yao wenyewe na hazikutaka talaka. Askari alisema nitoe upepo kwenye matairi ya nyuma. Nikamwuliza nitaujaza kwa kitu gani, naye akasema hilo ni la baadaye. Aliyeliona jambo lilivyo alikuwa mpishi wa biriani, aliyekuja kutazama akiwa bado ameshika mwiko. "Kilipita kikiwa na mzigo," alisema. "Kirudishieni mzigo wake."

Tuliwapakia wahudumu watano wa ukumbi. Walikuwa vijana wazuri, wenye bidii, lakini wote watano pamoja hawakumfikia shangazi yangu wa kati. Springi hazikuwatambua. Biriani ilikuwa imekwisha kupakuliwa kwenye sinia, na hakuna mwanamume aliyekuwa na ujasiri wa kwenda kuirudisha.

Ndipo nilipomtuma mtoto wa dada yangu juu, nikimpa maneno niliyoyapima mmoja mmoja: awaamkue shangazi, awaambie kwamba kuna jambo dogo la gari, na kwamba naomba msaada wao wakinijalia. Mtoto alipanda ngazi mbio, akafika ukumbi wa wanawake, ngoma zikiwa zimetulia kwa bahati mbaya, akatangaza: "Mjomba asema chini wanatafutwa watu wazito!"

Shangazi mkubwa aliinuka papo hapo. Alidhani kumetokea kasoro ya mahari inayohitaji kauli ya wakubwa, akavaa buibui lake, akawachukua wadogo zake wawili, na wakateremka ngazi kwa mwendo wa baraza la mahakama. Nilimweleza. Alinitazama, akalitazama gari, akaitazama boriti.

"Yaani mwanangu umeniteremsha ngazi zote hizi nije niwe gunia?"

Sikuwa na jibu ambalo lingeniacha salama. Aliyeniokoa ni bwana harusi, aliyetoka garini na kuja na joho lake mpaka mbele yake, akainama. "Shikamoo, shangazi. Mimi ndiye mwenye haja. Shekhe ananingoja."

"Marahaba, baba," alisema, na sauti ikawa nyingine. "Wewe nakupandia. Huyu simpandii."

Mbuzi ilikuwa jikoni ikifanya kazi yake halali, kwa hiyo tuliweka kreti ya soda. Shangazi mdogo akapanda, na askari, aliyekuwa juu ya ngazi ya fundi umeme akichungulia kati ya keria na boriti, akasema bado. Shangazi wa kati akapanda, askari akasema imebaki kama unene wa kidole. Kisha shangazi mkubwa akakanyaga kreti, akashika mlango, akaketi, na sote tukasikia keria ikiachia boriti kwa mlio mmoja mkavu. Hakuna aliyesema kitu. Wahudumu watano walikuwa wakitazama sakafu, na mpishi alikuwa ameziba mdomo kwa mwiko.

Nilitoka mwendo wa kinyonga mpaka barabarani, gari la maua likanipita likipiga honi, na nikaha, nikaambiwa baadaye, ilifungwa kwa wakati. Springi zile sinazo tena: nilizibadilisha na za mzigo wa kati, urefu ule ule, na za zamani zikamwendea jamaa mmoja wa Mariakani anayebeba mawe ya ujenzi, ambaye mpaka leo hunisifia.

Lakini siku ile shangazi walikataa kushuka. Walisema wamekwisha kupanda, basi barafu tukainunue pamoja. Tukashika barabara ya Links, na lile tuta la kwanza, ambalo lilikuwa limenirusha miezi kadhaa, gari likalimeza kimya kimya. La pili vivyo hivyo. La tatu sikulihisi kabisa. Shangazi mkubwa aliegemea nyuma, akajipepea kwa ncha ya mtandio wake, akatazama nje dirishani.

"Na hili ndilo gari unalolilalamikia kila Ijumaa kwamba ni gumu?" aliuliza. "Gari halina kasoro, mwanangu. Wewe ndiye mwepesi."