Sikuifuta Kampuni, Nilifuta Orodha ya Watumiaji Tu

Rafiki yangu wa ghalani ameshawaeleza kwamba jana asubuhi niliifuta kampuni, na baadhi yenu mmekwisha kunitumia pole zilizochanganyika na vicheko. Naomba kusahihisha. Nilichofuta ni orodha ya watumiaji wa programu ya uhasibu, jambo ambalo ni tofauti kabisa, ingawa nakiri kwamba tofauti hiyo isingeonekana kwa urahisi na mtu aliyekuwa amesimama pale.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha akaunti 38 kutoka kikoa cha zamani cha mtandao wa ofisi, yaani mfumo unaotunza majina na nywila za wafanyakazi wote, kwenda kikoa kipya cha wamiliki wapya. Niliifanya Ijumaa usiku. Majina niliyaacha vilevile, nywila vilevile, na Jumamosi, kwa jeuri ambayo leo inanitia aibu, niliizima seva ya zamani, nikasafisha diski zake, kisha nikaandika kwenye kundi la ofisi: "Jumatatu hakuna atakayehisi mabadiliko yoyote."

Jumatatu saa mbili kila mtu aliyahisi. Programu ilimkataa mhasibu mkuu, ikamkataa mkurugenzi, kisha ikanikataa hata mimi niliyeisimika. Ninyi mnaofanya kazi hii ya kompyuta mmekwisha kuujua ugonjwa, na naomba mcheke kimyakimya. Programu ile haimtambui mtu kwa jina, bali kwa ile namba ndefu ya utambulisho ya Windows inayoanza na S-1-5-21, na kikoa kipya humpa kila mtumiaji namba mpya hata kama jina lake halikubadilika herufi moja. Ni kama kwenda benki na jina lako halisi huku umebeba namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, isiyojulikana: karani atakusikiliza kwa upole, kisha atamwita anayefuata. Nilipaswa kuingia kwa akaunti yangu ya zamani kabla ya kuhama na kuwasajili watu upya, mmoja mmoja, wakati ufunguo ningali nao mkononi. Ufunguo huo nilikuwa nimeusafisha pamoja na diski.

Ilibaki njia ya dirishani. Programu hiyo ikikuta orodha ya watumiaji haina mtu hata mmoja, humpokea kila anayebisha hodi kana kwamba ndiye mwenye nyumba, mpaka msimamizi wa kwanza atakaposajiliwa. Kwa hiyo unatunza nakala rudufu, unafuta orodha ndani ya kanzidata, unaingia upesi, unajisajili, unafunga mlango. Nilitunza nakala. Nilifuta. Niliingia. Halafu, badala ya kujisajili, nilizidiwa na furaha, nikaandika kundini, "Imefunguka, karibuni!", nikaenda kuchukua chai.

Hapa naomba niende polepole, kwa kuwa toleo la rafiki yangu limeruka sehemu inayomhusu yeye.

Nilirudi na kikombe mkononi nikitarajia pongezi, nikakuta ofisi nzima imejipanga nyuma ya kiti cha huyo rafiki yangu, ambaye kwa kawaida programu humruhusu kuona mifuko ya saruji na si kitu kingine. Hakuna aliyegeuka. Niliona mkono wake ukisogeza kipanya taratibu, kwa adabu ya mtu anayefungua barua ya msiba. Kwenye kioo palikuwa na orodha ya mishahara, imepangwa kuanzia anayebakiwa na kidogo zaidi, na jina la kwanza kabisa, juu ya mlinzi wa usiku, lilikuwa langu. Ni mimi huyuhuyu ambaye kila Ijumaa huwaambia watu wasiguse bili. Kando ya jina yalikuwapo maelezo, naye, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, akayasoma: "Makato ya mkopo wa dharura, awamu ya 3 kati ya 6, ada ya mtoto."

Ndipo dada wa mapokezi alipogeuka. Wafuasi wangu wa siku nyingi mnamjua; ndiye ambaye tangu Februari nimekuwa nikimwapia kwamba sina mke wala mtoto.

"Kaka," aliniuliza kwa upole, "kumbe una mtoto?"

Nikifungua kinywa kusema sina, nilimwona afisa utumishi aliyeniidhinishia mkopo ule, amesimama hatua mbili kutoka pale, amekunja mikono, naye anasubiri jibu lilelile. Nikikubali, nimempoteza dada. Nikikataa, nimeidanganya kampuni kwa maandishi na saini. Chai ilinimwagikia kwenye kiatu nami sikuisogeza miguu.

"Ni hitilafu ya mfumo," nikasema.

"Mfumo gani huo unaozaa, mwanangu?" akauliza rafiki yangu wa ghalani, na hapo ndipo kile kicheko mlichosimuliwa kilipoanzia.

Mengine hayana utamu. Nilikimbilia mezani kwangu, nikajisajili, mlango ukafungwa, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimewarudisha wote 38 kwa namba zao mpya na ruhusa zao za zamani. Mlango ulikuwa umekaa wazi kwa dakika 11. Hakuna hesabu iliyoguswa. Mkurugenzi alikagua mwenyewe, akanishukuru kwa ufupi ulionitisha.

Dada wa mapokezi sasa ananisalimia kwa "Shikamoo, Baba Mfumo." Afisa utumishi yeye hana mzaha: ameandika barua pepe fupi akiomba nakala ya cheti cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa saa kumi.