Kabla ya kubadilisha mirija, chungulia sinki

Siku hizi ukikaa mgahawani unaletewa kinywaji chenye mrija wa karatasi, na pembeni ya menyu pana picha ya kasa na maneno "Tunailinda bahari". Mrija wenyewe unalainika kabla hujafika nusu ya glasi. Sina ugomvi na kasa. Ile video ya mwaka 2015, watafiti huko Costa Rica wakimchomoa kasa mrija wa plastiki puani huku damu ikimtoka, ilinitia uchungu kama wengine. Ila nimewahi kuosha vyombo mgahawani, na kila nikiona picha ile swali langu huwa moja: mafuta ya kukaangia mnayamwaga wapi?

Kule nilikofanya kazi yalimwagwa kwenye sinki. Usiku, moto ukishazimwa, mpishi alilibeba karai kwa vitambaa viwili, akayamimina mafuta meusi, kisha akafungulia maji ya moto na sabuni tele "yasigande". Mimi na sufuria zangu tulisimama kando tukiamini mambo yamekwisha. Kumbe maji ya moto hayaondoi mafuta, yanayasukuma tu hadi pale bomba linapopoa. Huko yanaganda, yanakutana na kalsiamu ya kwenye maji na saruji ya mtaro, na polepole yanakuwa kitu kigumu cha jamii ya sabuni. Mwaka 2017 chini ya mitaa ya Whitechapel, London, mafundi wa majitaka walikuta bonge la namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, mafuta yaliyokumbatiana na vitambaa vya kujipangusia na nepi. Kulivunja kuliwachukua wiki kadhaa. Na mtaro ukiziba, majitaka hayakai kusubiri fundi. Yanafurika, yanaingia mtoni, na mto sote tunajua unakoishia.

Dawa yake si ngeni. Kuna kinasa mafuta, sanduku linalofungwa kati ya sinki na mtaro. Maji yakiingia humo yanapunguza mwendo, mafuta yanaelea juu, makombo yanazama, na maji yaliyo katikati ndiyo yanayoruhusiwa kutoka. Jikoni kwetu kilikuwepo. Kilikuwa kimejaa pomoni, kwa hiyo mafuta yalipita juu yake kama hakipo. Wajuzi husema kisafishwe kabla uchafu haujafika robo ya ujazo wake. Sisi tulingoja harufu itukimbize. Nani apende kazi ile? Inanuka, haionekani na mteja, na hakuna anayeipiga picha. Ndiyo maana nasema mwenye mgahawa anayetaka kujua kama anailinda bahari aanze kwa kufunua mfuniko huo mwenyewe, na sufuria zipanguswe kwa karatasi kabla ya kuguswa na maji.

Baada ya sinki, mlango wa pili wa uchafu ni chakula cha kubeba. Juzi nilifungua mfuko nikiwa nyumbani kwangu, hatua tatu kutoka kwenye kabati la vijiko, nikakuta uma mbili, kisu, vipakiti sita vya sosi na kijiko cha kukorogea kinywaji ambacho sikuagiza. Vyote plastiki. Hakuna aliyeniuliza kama navihitaji. Kutia kila kitu ni desturi ya mkono wa mfungaji. Hiyo desturi igeuzwe: asiyeomba asipewe. Mgahawa hautumii hata senti, bali unaokoa. Yale makasha meupe mepesi kama povu nayo yangeachwa kabisa. Upepo unayabeba hadi mtaroni, yanakatikakatika kuwa punje, na punje hizo hakuna wavu unaoweza kuziokota baharini. Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku Julai 2021, pamoja na mirija, sahani na vijiko vya plastiki.

Halafu kuna vyombo vilivyoandikwa "vinaoza". Hapa wenye migahawa wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi huoza vizuri kwenye mitambo maalumu ya mboji, penye joto la nyuzi kama 60. Bahari haina joto hilo. Ukikitupa kikombe hicho ufukoni, kitakaa miaka kama ndugu zake. Afadhali chombo kinachorudi kuoshwa. Ujerumani, tangu Januari 2023, migahawa inayouza chakula cha kubeba kwenye plastiki ya kutupwa inalazimika kumpa mteja nafasi ya kuchagua chombo cha kurudisha, na bei isizidi kwa sababu hiyo. Midogo imesamehewa, mradi ikubali kumjazia mteja chombo alichokuja nacho. Sioni kwa nini mgahawa popote usubiri sheria ili ukubali bakuli la mteja.

Na si kila kinachotoka mlango wa nyuma ni balaa. New York kuna mradi unaoitwa Billion Oyster Project, unaokusanya makombe ya chaza kutoka migahawani na kuyarudisha bandarini ili chaza wachanga wapate pa kushika. Chaza mmoja mzima, hali ikiwa nzuri, anaweza kuchuja hadi lita 190 za maji kwa siku. Takataka za meza zinageuka wafagizi wa bahari.

Siku hizi nikishalipa huwa nauliza lile swali langu. Wahudumu wengi hucheka. Mmoja alikwenda jikoni akarudi na mpishi, mwanamke wa makamo, akanipeleka uani kunionyesha pipa la mafuta yaliyotumika, linalochukuliwa na watu wa kutengeneza dizeli. Lilikuwa na kufuli. Nikamuuliza la nini. "Yaliibwa mara mbili," akasema.