Kantangaze shambani, perege bwawani

Mkulima wa nyanya wa tambarare za chini ya Moshi hapigi dawa kwa kupenda. Kiwavi wa kantangaze, nondo mdogo anayeshambulia nyanya, hujichimbia ndani ya jani na tunda, na shamba lililoachwa bila dawa linaweza kuisha lote. Kumwambia mtu huyo aache dawa kwa ajili ya samaki ni kumwonea.

Lakini maji yake hayaishii shambani. Mito ya Meru na Kilimanjaro hukusanyika katika mito ya Kikuletwa na Ruvu, kisha huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanaishi kwa perege na kambale.

Dawa za jamii ya pairethroidi, kama lambda-sihalothrini, hutumika sana kwa sababu huua wadudu haraka kwa kipimo kidogo. Kwa samaki ni balaa. Hupenya kwenye matamvua, huvuruga mishipa ya fahamu, na mwili wa samaki huzivunja polepole mno. Chini ya mikrogramu 1 kwa lita ya maji huua nusu ya samaki wa aina kadhaa ndani ya siku 4. Piga hesabu: dawa ya asilimia 5 ina miligramu 50 katika kila mililita. Mililita hiyo moja, ikichanganyika yote, inatosha kufikisha lita 50,000 za maji kwenye mikrogramu 1 kwa lita. Kiasi hicho kinaweza kubaki kwenye kifuniko cha kupimia, na kifuniko husuuzwa mferejini pamoja na bomba la kupigia dawa.

Wapo wanaojibu kwamba dawa hizi hunasa kwenye tope na kuvunjika mapema kuliko DDT, dawa ya zamani ya wadudu. Ni kweli. Tena samaki wa mabwawa hupungua pia kwa makokoro, nyavu za macho madogo na kina cha maji kushuka, kwa hiyo anayewatwika wakulima lawama yote anakosea. Ila hoja ya "mbona hatuoni samaki wakielea" siikubali hata kidogo. Kiwango kisichoua humlegeza samaki, akashindwa kula vizuri na kumkimbia adui. Vifaranga hufa kwanza, na hakuna anayewahesabu. Wadudu wa majini, ambao ni chakula chao, hufa hata kabla yao. Na hilo tope linalosifiwa kwa kunasa sumu ndimo kambale anamotafuta chakula.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira zikae mita 60 kutoka mtoni. Kwa mwenye robo eka ukingoni, hiyo ni kumnyang'anya shamba, ndiyo maana haitekelezeki kirahisi. Mimi ningeanzia mferejini. Kamati za mifereji tayari hutoza faini anayeiba zamu ya maji. Zimtoze pia anayechanganyia dawa au kuosha bomba humo. Maji ya kusuuzia yanyunyizwe juu ya mimea ileile iliyopigwa dawa. Na mwenye duka la pembejeo, ambaye kwa wakulima wengi ndiye bwana shamba pekee wanayemwona, auze mitego ya kantangaze kwanza kabla ya kushusha chupa rafuni.