Ndege Ipo, Marubani Wapo, Mbona Haiondoki?

Abiria aliyekaa Uwanja wa Ndege wa Mtwara tangu mchana, kisha akaambiwa safari ni kesho kwa sababu saa za kazi wanazoruhusiwa marubani zimekwisha, ana haki ya kuhoji. Dar ni kama saa moja tu angani. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 550, na huenda ana miadi ya hospitali asubuhi.

Ila zamu ya rubani huanza anaporipoti kazini, si ndege inaporuka. Tuchukue kanuni za Ulaya. Akiripoti saa 11:00 alfajiri, zamu ya miruko miwili (mruko ni safari moja, kuruka hadi kutua) haizidi muda wa saa 12, na kuanzia mruko wa tatu kila mmoja unakata nusu saa. Kwa miruko minne basi, awe ameshaegesha saa 10:00 jioni. Hitilafu ndogo ikiizuia ndege Mtwara hadi saa 9:30 alasiri, hesabu imeharibika. Tena huyo kaamka mnamo saa 9 usiku, wakati mwili unadai usingizi kuliko saa nyingine yoyote. Na miruko mifupi ndiyo inayochosha, maana kuruka na kutua, kazi nzito kuliko zote, kunarudiwa kutwa.

Wanaotaka kanuni ilegezwe wana hoja: saa hazijui nani kalala vizuri. Ndiyo maana kanuni hizohizo zinamruhusu kapteni kuongeza muda usiozidi saa 2 likitokea lisilotarajiwa. Lakini uchovu huharibu kwanza uwezo wa kujipima. Aliyechoka hujiona mzima, huku akiomba mnara wa kuongozea ndege urudie maelekezo, akiruka kipengele cha orodha ya ukaguzi, aking'ang'ania kutua wakati ndege haijatulia. Mangalore, India, mwaka 2010, kapteni aliyetoka usingizini safarini aliendelea kutua ingawa msaidizi wake alimtaka apande tena. Watu 158 walikufa.

Ruhusa hiyo ya kuongeza saa ibaki, ila isitegemee neno la kapteni peke yake, simu ya ofisini ikimlilia na abiria wakimsubiri. Kila mmoja, wahudumu pia, aulizwe: umelala kwa saa ngapi, umeamka lini? Mmoja akikataa kuendelea, safari isimame na asiadhibiwe. Saa zikiongezwa kila wiki, kosa ni la ratiba, na dawa yake ni marubani wa akiba na nafasi kati ya safari. Abiria naye aambiwe mapema, saa 9 na si saa 12, ili wa Lindi awahi kurudi kwake au kukata tiketi ya basi la alfajiri.