Dawa ni ile ile, maneno ndiyo hatupewi

Mama ndiye aliyeyaona macho yangu kwanza. Mimi niko Leicester, Uingereza, yeye yuko Wete, Pemba, na kila Ijumaa baada ya swala tunaonana kwenye simu. Siku hiyo akakatiza salamu: "Mwanangu, mbona wanitumbulia macho?" Nikacheka. Kumbe usiku wa Januari nilikuwa nalala madirisha wazi, mikono inatetemeka hadi chai inamwagika, na nguo zote zimenipwaya.

Nikatolewa damu, na siku ya pili nikaambiwa tezi ya shingo inatoa homoni kupita kiasi. Ni ugonjwa wa Graves, kwa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Kinga ya mwili wako mwenyewe inaichochea tezi, na kinga hiyo hiyo inavimbisha mafuta na misuli iliyo nyuma ya jicho, jicho likasukumwa nje.

Unafuata ukoo. Nilimpigia mdogo wangu usiku ule ule, kwa sababu yeye alikuwa anakonda na moyo unamwenda mbio tangu miezi minane nyuma. Ameambiwa presha. Ameambiwa wasiwasi. Majirani wakasema husuda, akaandikiwa kombe, aya zilizooshwa kwa maji, akanywa. Kombe silikatai, nami nimelinywa tangu utoto. Kinachoniuma ni miezi minane yote bila mtu kumpima homoni. Akapanda boti Mkoani, akapimwa Unguja, majibu yakawa kama yangu.

Wenzangu wa huku wakasema nimlete atibiwe. Sikuwaunga mkono, na hadi leo siwaungi. Dawa tuliyopewa ni moja, kabimazoli, dawa ya zamani tu. Na hata huku daktari bingwa wa macho nilimsubiri miezi mitano.

Nilichokipata mimi akakikosa yeye ni maelezo. Nilipewa kadi: ukiumwa koo au ukipata homa, acha vidonge na ukapime damu siku hiyo hiyo. Ni nadra, lakini dawa hii huweza kumaliza chembe nyeupe za damu, na hapo koo la kawaida linaua. Yeye aliambiwa "kimoja asubuhi, kimoja jioni", basi. Mwezi wa tatu koo likamvimba, homa juu. Siku nne anakunywa tangawizi na asali, na vidonge anaendelea navyo! Aliponitajia, nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Akaenda kupima, chembe zake zilikuwa salama, alhamdulillah. Lakini siku nne zile bado zinaniamsha usiku.

Mimi swali la kwanza la daktari wa macho lilikuwa kama navuta sigara, maana moshi huyazidisha sana macho haya. Yeye hakuulizwa, na shemeji alikuwa anavuta chumbani. Nilipomweleza aliacha siku ile ile. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Baadaye mdogo wangu akashauriwa ayodini ya mionzi, tiba ya kuiunguza tezi, na ni yeye aliyeuliza: na macho yangu je? Kwa sababu macho yakiwa bado yamevimba, ayodini hiyo inaweza kuyaharibu zaidi.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo ningetoa kila kitu nilipate huku. Macho haya hayafumbi vizuri ukilala, kwa hiyo unapaka marhamu kisha unabandika kope kwa plasta, macho yasikauke. Mimi nilibandika peke yangu mbele ya kioo, plasta inakwenda upande. Wete, mama anakaa kitandani, anamfumba mtoto wake jicho kwa kidole gumba, anabandika taratibu huku anasoma Ayatul Kursi.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliigeuza ile kadi yangu kwa Kiswahili, akaiandika kwa kalamu ya buluu nyuma ya boksi la dawa, akaipeleka duka analonunulia vidonge. Muuzaji ameibandika ukutani, juu kidogo ya mizani. Mdogo wangu amenitumia picha, na maneno ya mstari wa kwanza ameyapigia mistari miwili: koo na homa.