Duka la bangi mtaani: nani aamue?

Desemba 2018 madiwani wa Mississauga, jiji la Kanada linalopakana na Toronto upande wa magharibi, walipiga kura kukataa maduka ya bangi. Mwezi uliofuata majirani zao wa Brampton wakayakubali. Miji hii miwili imo katika mkoa mmoja wa Peel, imejaa wahamiaji wa kila bara, wakiwemo watu wengi wa asili ya Afrika Mashariki, na sheria iliyokuwa mezani ilikuwa ileile moja. Mississauga ilishikilia msimamo wake kwa zaidi ya miaka minne, kisha Aprili 2023 nayo ikafungua mlango.

Wengi husema Mississauga ilikosea, ikachelewa, ikajirekebisha. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka. Jiji lile lilikuwa na sababu nzito ya kukataa, na sababu hiyo ilitoka kwa serikali ya jimbo.

Kanada ilihalalisha bangi nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018, lakini utaratibu wa kuiuza uliachiwa majimbo. Ontario, jimbo lenye miji hii, iliamua kuwa maduka yatakuwa ya watu binafsi na leseni zitatolewa na tume ya jimbo, ile inayosimamia pombe na kamari. Halmashauri zikapewa hadi tarehe 22 Januari 2019 kusema kama zinajitoa. Kati ya halmashauri 414, 77 zilijitoa. Iliyojitoa inaweza kubadili nia siku yoyote. Iliyokubali imekubali moja kwa moja, haina njia ya kurudi.

Halafu kuna kipengele ambacho hakikuzungumzwa sana mitaani, nacho ndicho kiini cha mambo. Halmashauri ikishakubali, hairuhusiwi kutumia sheria zake za mipango miji wala leseni za biashara kuamua maduka hayo yakae wapi au yawe mangapi. Mtu akiomba kufungua duka, tangazo hubandikwa kwenye jengo husika na halmashauri hupewa siku 15 kutoa maoni. Ni maoni tu, uamuzi ni wa tume. Umbali unaolazimishwa na jimbo ni mita 150 kutoka shuleni. Msikiti, kanisa, bustani ya watoto kuchezea, kituo cha kulelea watoto, vyote havimo. Mzazi anayempeleka mtoto madrasa kila Jumamosi anaweza kukuta tangazo hilo kwenye kioo cha mlango wa pili, akaenda kwa diwani wake kulalamika, na diwani akamjibu kwa haki kabisa kwamba yeye hana kalamu.

Wakenya watauona ugeni wa mpango huu upesi, maana kwao Katiba ya 2010 iliweka leseni za vileo mikononi mwa kaunti, na anayekerwa na baa jirani anajua ofisi ya kwenda kugonga.

Toronto, ambayo ilikubali tangu mwanzo, ilionyesha matokeo yake. Maduka 25 ya kwanza ya Ontario yalipatikana kwa bahati nasibu, ya kwanza yakafunguliwa tarehe 1 Aprili 2019. Idadi ilipoachiwa huru, kufikia 2021 jimbo lilikuwa na zaidi ya maduka 1,000, na mitaa kama Queen Street West ikapata maduka yaliyosongamana, moja baada ya jingine. Vioo vyake vilizibwa kwa sababu sheria ilikataza mtoto kuona bidhaa kutoka nje, kwa hiyo aliyepita njiani hakuona cha ndani wala hakuonekana na aliye ndani. Mtaa wenye vioo vingi vya namna hiyo hupoa. Diwani wa Mississauga aliyetazama hali hiyo akaendelea kusema "kwetu hapana" hakuwa mshamba wala mnafiki.

Lakini "hapana" yake ilizuia nini hasa? Mkazi wa Mississauga mwenye miaka 19 na kuendelea aliruhusiwa kisheria kuwa na bangi na kuivuta nyumbani kwake. Aliruhusiwa kuiagiza kwenye tovuti ya duka la serikali ya jimbo, na mzigo ukamfikia mlangoni. Akitaka kununua kwa mkono, Brampton ni hapo, Toronto ni hapo. Aliyenyimwa ni mfanyabiashara mwenye leseni, yule anayekagua vitambulisho na kuuza bidhaa zilizopimwa maabara. Muuzaji wa magendo yeye hakusubiri kura ya baraza. Madiwani wenyewe, walipobadili msimamo mwaka 2023, walilitaja soko hilo haramu kuwa sababu.

Katika hili naungana na waliokubali. Maadamu bangi ni halali nchini, kukataa duka hakumwondolei mtoto bangi mtaani. Kunaondoa sehemu moja ambayo mkaguzi angeweza kuingia mchana kweupe. Ninajua hoja hii inawauma wazazi wengi wa jamii zetu huko, hasa waliotoka nchi ambako bangi ni kesi ya jela, na hofu yao siidharau. Duka lililo wazi linamwambia kijana kwamba jambo hili ni la kawaida. Ila ujumbe huo ulishatolewa na Bunge la taifa huko Ottawa, na baraza la jiji haliwezi kuufuta.

Kuhusu fedha, Ontario iliwapa waliokubali mgao wa ziada kwa muda, lakini halmashauri haina kodi yake kwenye mauzo. Jimbo la New York, Marekani, lilifanya vingine: asilimia 4 ya mauzo hubaki kwa serikali za mitaa, robo kwa kaunti na robo tatu kwa mji wenyewe. Duka likiuza bidhaa za dola 1,000,000, mji unapata dola 30,000. Hata hivyo miji yote mitatu mikubwa ya kaunti ya Nassau, mashariki ya Jiji la New York, ilijitoa mwaka 2021. Fedha peke yake hazibadilishi mioyo ya watu.

Je, dawa ni kuipa halmashauri madaraka yote? Massachusetts, jimbo jingine la Marekani, ilielekea huko. Mwombaji wa leseni alilazimika kwanza kukubaliana na mji, akiwa na barua kwamba mji haumpingi, pamoja na mkataba. Huko Northampton, tarehe 20 Novemba 2018, meya David Narkewicz alikuwa mteja wa kwanza dukani, akanunua chokoleti mbele ya kamera. Katika jimbo hilohilo, meya wa Fall River, Jasiel Correia, aliyechaguliwa akiwa na miaka 23, alizigeuza barua zile kuwa bidhaa. Mei 2021 alipatikana na hatia ya kuwatoza rushwa waombaji wa leseni za bangi, na Septemba akahukumiwa kifungo cha miaka sita. Barua yenye thamani kubwa ikikaa kwenye meza ya mtu mmoja, bila kigezo kilichoandikwa, wenye njaa wataizunguka. Mwaka 2022 jimbo lilibidi kuibana mikataba hiyo kwa sheria mpya.

Sheria iliyo karibu na haki, kwa maoni yangu, ni ya jimbo la Minnesota, nalo la Marekani, ya 2023. Mji hauruhusiwi kukataa maduka kabisa, lakini unaweza kuweka kikomo mradi usishuke chini ya duka moja kwa kila wakazi 12,500, na unaweza kudai umbali wa hadi futi 1,000 kutoka shuleni na futi 500 kutoka kituo cha kulelea watoto au sehemu za bustani wanazotumia watoto. Kigezo kimeandikwa, kila mtu anakisoma, na meya hana barua ya kuuza.

Sensa ya 2021 iliihesabu Mississauga kuwa na watu 717,961. Kwa kipimo cha Minnesota jiji lingelazimika kuruhusu maduka yapatayo 58, na lingeweza kuyatenga na shule, vituo vya kulelea watoto na sehemu za bustani wanazotumia watoto. Mwaka 2018 hakuna aliyewawekea madiwani wake chaguo hilo mezani. Waliwekewa mlango mmoja, ama ufungwe wote ama uachwe wazi wote.