Shimo la kwanza jepesi: paa 4 au paa 5?

Chukua shimo la kwanza la uwanja wa gofu, lenye urefu wa yadi 475 kutoka mahali pa kuanzia. Njia yake ni pana, ardhi inateremka kidogo kuelekea grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye kitobo cha mpira, hakuna maji wala miti ya kuogopesha. Kila anayelicheza anakubali kwamba ni jepesi. Ubishi unaanzia kwenye kadi ya alama: liandikwe paa 4 au paa 5? Paa ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji stadi anatarajiwa kuitumia mpaka mpira uingie shimoni, na kwa urefu huu mwongozo wenyewe unaacha mlango wazi. Mfumo wa Handikapu wa Dunia (handikapu ni mikwaju ya nafuu anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake), ulioanza kutumika mwaka 2020, unapendekeza kwa wanaume paa 4 kati ya yadi 240 na 490, na paa 5 kati ya yadi 450 na 710. Yadi 475 zimo kote kuwili.

Wanaotaka 4 hawabahatishi. Mfano wao mkubwa ni Riviera, mjini Los Angeles, uwanja utakaopokea gofu ya Olimpiki ya 2028. Shimo lake la kwanza lina yadi 503 na linaanzia juu kabisa, jirani na jengo la klabu, kisha mpira unashuka bondeni. Kadi inasema paa 5, lakini wachezaji wa kulipwa wanafika grini kwa mikwaju miwili, na mara nyingi ndilo huwa shimo rahisi kuliko yote wiki ya mashindano. Anayetoka hapo na mikwaju 5 anajiona amepoteza. Kwa nini basi, wanauliza, kadi iseme jambo ambalo mabingwa wenyewe hawaliamini?

Wanaongeza kwamba wepesi hauhitaji mkwaju wa ziada. Old Course, uwanja wa St Andrews huko Scotland, inaanza kwa paa 4 ya yadi 376 hivi, na njia yake, inayoungana na ya shimo la 18, ina upana unaozidi yadi 100. Hata anayetetemeka ataupata uwanda huo wa nyasi. Kisha kijito cha Swilcan Burn kinapita mbele tu ya grini, na mkwaju wa pili unadai akili. Kwangu hilo ni shimo la kufungulia lililotimia, na kama uwanja bado uko kwenye karatasi ningemsihi msanifu aige mfano huo. Lakini wepesi wa St Andrews unatokana na ufupi na upana kwa pamoja. Shimo letu ni refu kwa karibu yadi 100 zaidi, na ardhi imekwisha kuchimbwa.

Upande wa pili una jibu ambalo wengi hulitoa haraka mno: namba haibadilishi kitu. Kwa mabingwa ni kweli tupu. Shimo la 2 la uwanja wa Pebble Beach, California, kwa kawaida ni paa 5, ila kwenye mashindano ya US Open ya 2000 liliandikwa 4, paa ya uwanja ikashuka kutoka 72 hadi 71. Tiger Woods alimaliza raundi nne kwa mikwaju 272, ikasomeka 12 chini ya paa. Lingebaki 5, mikwaju hiyohiyo ingesomeka 16 chini. Aliwaacha waliomfuata kwa mikwaju 15, na pengo hilo lingebaki vilevile.

Hata kwa mchezaji wa kawaida hesabu hujisawazisha, na hapa watetezi wa 5 wanapaswa kusema kweli. Handikapu ya mchezaji kwenye uwanja fulani hupatikana kwa kuongeza, juu ya alama ya uwezo wake, tofauti kati ya ukadiriaji wa uwanja, yaani ugumu wake uliopimwa kwa mikwaju, na paa yake. Ukadiriaji hautegemei paa, hivyo paa ikipanda kwa 1, handikapu ya kila mtu inashuka kwa 1. Tuseme mchezaji ana handikapu ya 18 shimo likiwa paa 4, hivyo anapata mkwaju mmoja wa nafuu kila shimo. Akipiga 6, anahesabiwa 5, na kwa Stableford, mtindo wa kuhesabu kwa pointi badala ya mikwaju, anapata pointi 1. Sasa liwe paa 5: handikapu yake ni 17. Shimo hili likipangwa kuwa jepesi kuliko yote, nafuu anaikosa hapohapo. Anapiga 6, anahesabiwa 6, pointi ni ileile 1.

Kinachobaki ni kichwa cha mchezaji, na mimi naona hapo ndipo shauri lote lilipo. Mwaka 2011 Devin Pope na Maurice Schweitzer walichapisha utafiti uliopitia zaidi ya mikwaju milioni 2.5 ya kwenye grini kutoka PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani. Mkwaju wa kuokoa paa uliingia mara nyingi kuliko mkwaju unaolingana nao wa kupata moja chini ya paa. Ikiwa namba kwenye kadi inamyumbisha mtu anayeishi kwa gofu, itamfanya nini aliyefika na misuli baridi kupiga mpira wake wa kwanza wa siku?

Mtazame huyo kwenye yadi 475. Mkwaju wa kwanza unakwenda yadi 190, kwenye majani marefu kidogo. Kadi ikisema 4, tayari yuko nyuma. Anachomoa fimbo ndefu kuliko zote zinazoweza kupiga kutoka chini, ananyanyua kichwa mapema, mpira unajikokota yadi 40. Kadi ikisema 5, fimbo ya katikati inatosha, kisha nyingine ya katikati, na bado ana mikwaju miwili ya kwenye grini. Paa ni ushauri anaopewa mtu kabla hajagusa mpira, na kwa wengi wanaocheza hapa 4 ni ushauri mbaya.

Foleni nayo hutajwa. Paa 5 inayofikika kwa mikwaju miwili huwafanya watu wasimame njiani wakingoja grini iwe wazi. Lakini anayeweza kufika atangoja hata kadi ikisema 4, na asiyeweza atangoja pia, kwa kuwa kadi imemwambia anapaswa kufika.

Kwa hiyo niko upande wa 5 kwa shimo hili, nikiwa na sharti moja. Shimo la 2 nalo likiwa paa 5, ningekubali la kwanza liwe 4, kwa sababu asubuhi nzima ingekwama kwenye mashimo mawili marefu yanayofuatana. Hata hapo sehemu ya kuanzia ya wanawake ibaki na paa yake: kwao mwongozo unaanza paa 5 kwenye yadi 370 na kuishia paa 4 kwenye 420, na kadi moja inaruhusiwa kubeba namba mbili tofauti kwa shimo lilelile.